Shogi

Nilistaafu ualimu mwaka 2019, baada ya miaka 38 ya kusomesha Kiswahili katika skuli za sekondari za Unguja, na kwa sehemu ya kiinua mgongo changu nikanunua pikipiki. Simjui aliyelibuni neno hilo, kiinua mgongo, lakini nia yake ilikuwa njema: mtumishi aliyeinama juu ya kazi umri wake wote apewe kitu cha kumnyanyua. Changu kiliniinua kwa muda wa miezi minane. Mwezi wa tisa mgongo uliinama tena, na safari hii kwa maumivu, kwa sababu ya namna niliyoichagua ya kuchukulia mizigo juu ya chombo hicho. Haya ninayoyaandika ni masimulizi ya uchaguzi huo, ambao kwanza ulinigharimu mgongo, kisha ukanigharimu kitu ambacho hakikuwa changu.

Ninaishi Chwaka, pwani ya mashariki, kwenye ghuba ya mikoko na mwani. Kutoka hapa hadi mjini ni zaidi ya kilomita 30: unapita Jendele, Dunga, Koani na Mwera, kisha unaingia Amani na msongamano wake. Daladala zipo, na kwa mtu asiye na mzigo zinatosha. Lakini mwalimu mstaafu anayeishi kijijini hana siku asiyokuwa na mzigo. Kabla sijamaliza kujibu salamu huwa nimeshasikia, "Maalim, ukenda mjini..." Na baada ya hapo hufuata dawa ya presha ya bibi fulani, betri za redio, uzi wa kushonea mishipi, kioo cha kandili. Kwenda huchukua samaki wa binti yangu anayeishi mjini, na nazi, na ndimu. Kurudi huchukua vitabu na karatasi za mazoezi za watoto ninaowasomesha jioni barazani kwangu. Vitabu, ndugu zangu, ni vizito kuliko samaki. Asiyeamini avichukue.

Nilianza na shanta. Vijana husema begi la mgongoni, nami sina ugomvi nao, ila shanta ni neno fupi na lina sauti ya kitu kinachopigwa chini mwisho wa safari. Nililichagua kwa sababu ambayo naona wengi wetu huchagulia: mzigo ulio mwilini hauwezi kuanguka bila ya mwenyewe kujua. Hoja hiyo ni ya kweli, na nitairudia kwa majuto hapo mbele. Lakini shanta lina hila yake. Mtu anayekwenda kwa miguu akilivaa, kiuno na miguu husaidiana na mabega. Juu ya pikipiki umekaa. Miguu haisaidii kitu. Kila tuta la barabarani hulitupa shanta juu na kulirudisha, na uti wa mgongo ndio mlango linaobisha. Tena uzito umekaa juu, karibu na shingo, kwa hiyo ukilala kidogo kwenye kona, mwili unataka kurudi na mzigo unataka kuendelea. Na kusi likivuma, upepo wa upande hulikamata shanta kama tanga lisilo na foromali.

Daktari aliyenipima hakunipa mawaidha marefu. Aliniuliza umri, akaniuliza kilo za vitabu, akacheka. Akaniambia nichague moja, vitabu au pingili za mgongo.

Nikahamia kwenye keria. Nyuma ya kiti cha pikipiki kuna kitako cha chuma, nacho kimekusudiwa mizigo; fundi wa baiskeli akanikatia mipira minne kutoka kwenye tyubu kuukuu, mirefu na myembamba, ile ambayo kila mchukuzi wa Unguja anaijua. Unazungusha, unavuta, unapitisha chini ya chuma, unavuta tena, unafunga. Niliipenda mipira hiyo kwa sababu ya ushairi, nitakiri. Mshairi anapopungukiwa hulivuta neno, likawa refu, tukaita mazda, na hapa sisemi gari. Akizidiwa hulifinya, tukaita inkisari. Mpira wa tyubu hufanya yote mawili. Furushi likiwa dogo unajikunja, likiwa kubwa unatanuka. Kosa langu lilikuwa kusahau jambo ambalo nimewaandikia wanafunzi kwa wino mwekundu mara mia: kinachovutwa sana hulegea.

Hapa inanibidi nimtaje sahibu yangu mmoja, ingawa sitalitaja jina lake. Tulisoma pamoja Chuo cha Ualimu cha Nkrumah, pale Beit-el-Ras, tukalala vitanda vinavyopakana. Usiku taa zikizimwa alikuwa akitunga gizani na kunitaka nimhesabie mizani kwa vidole. Baadaye tulisomesha skuli tafauti, lakini kila likizo tulikutana. Alitunga kwa miaka 40 na hakuchapisha kitu; mashairi machache yalisomwa redioni, basi. Yaliyobaki aliyaandika katika kauntabuku tatu zenye majalada magumu: moja la buluu, moja la kijani, moja jekundu. Alifariki akiniahidi kwamba mwaka ule tungeyapeleka yakachapwe kwenye kompyuta.

Mkewe alipotoka eda alinita. Alikuwa ameyafunga madaftari yale ndani ya khanga, kwa fundo moja juu. Akanipa kwa mikono miwili na hakusema kitu kirefu. "Shemeji, haya."

Ilikuwa masika. Asubuhi niliyotoka Chwaka mbingu zilikuwa safi, nami nilikuwa na gunia dogo la ndimu, na ndoo ya samaki, na khanga ile. Ndoo niliipachika chini kwenye keria, gunia juu yake, na madaftari juu ya gunia, ili yasilowe na maji ya samaki. Nilijiona mwenye busara. Nikafunga mipira kwa msalaba. Tazameni makosa: kizito na kigumu chini ni sawa, lakini chenye thamani kuliko vyote nilikiweka juu kabisa, juu ya kitu laini kinachohama. Ndimu huhama. Kila tuta zilijipanga upya ndani ya gunia, na kila zilipojipanga mpira ulipata nafasi ya kupumua.

Mvua ilinikuta baada ya Jendele, mvua ya masika isiyokupa nafasi ya kutafakari. Nikakaza mwendo hadi Dunga, nikasimama chini ya mti karibu na magofu ya jumba la Mwinyi Mkuu. Nikashuka. Khanga ilikuwepo, imelowa, imening'inia upande mmoja. Ndani yake mlikuwa na buluu na kijani.

Nilirudi njia nzima kwa mwendo wa mtu anayetafuta sindano. Nilirudi tena kwa miguu, upande huu wa barabara na upande ule, siku ile na siku mbili zilizofuata. Niliwaomba walimu wa vyuo vya Kurani wawaulize watoto. Siku ya nne mwalimu mmoja akaniletea karatasi mbili alizopewa na mtoto aliyeziokota kwenye mtaro. Sahibu yangu aliandika kwa kalamu ya wino, kwa kujivunia mwandiko wake. Karatasi moja ilikuwa imegeuka wingu la buluu tupu. Ya pili ilisomeka beti sita. Jalada jekundu halikuonekana mpaka leo.

Nilikwenda kumwambia mkewe. Nilisema yote, sikupunguza, wala sikumlaumu mvua. Alikaa kimya muda mrefu akiwa ameshika ncha ya mtandio.

"Ni lipi lililopotea?"

"Jekundu, shemeji."

"Jekundu ndilo lililokuwa langu," akasema. Akainuka, akaingia ndani.

Baadaye nilifahamishwa na mwanawe kwamba lile lilikuwa daftari la mwanzo, la siku za uchumba wao.

Usiku ule sikulala. Mwalimu wa lugha akikosa usingizi hufanya kazi ya ualimu. Nilichukua kalamu nikaanza kuorodhesha maneno yote niyajuayo ya kuchukua mzigo, na ilipofika alfajiri nilikuwa nimeona jambo ambalo miaka 38 darasani hayakunionesha. Lugha yetu haimpi mtu ruhusa ya kuchukua tu. Humuuliza wapi. Mzigo wa kichwani hujitwika, na chini yake huweka kata ili kichwa na mzigo visigombane. Mtoto huelekwa, nao mbeleko ndiyo inayomshika. Aliye mapajani hupakatwa. Pesa na tambuu, bibi zetu walizifutika kiunoni. Kubeba kwenyewe, nilivyowasikia wazee wangu wakikutumia, kulikuwa na harufu ya mgongo. Mzigo wowote mwengine walisema kuchukua. Na begani kulikuwa na kupagaa, ambako ndiko alikotoka mpagazi, yule aliyekwenda kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji akiwa na mzigo wa ratili 60 au 70, yaani kilo 30 hivi, mwezi baada ya mwezi. Kutoka huko huko tumepata kupagawa, kwa mtu aliyepandwa na pepo. Nilikaa na jambo hilo muda mrefu kidogo, kwani usiku ule nilihisi nimepagawa hasa.

Sasa, pikipiki ina nini? Ina kupakia. Neno hili ni la vyombo: tunapakia jahazi, tunapakia lori, na kitu kilichopakiwa tunakiita shehena. Nikafikiri: nahodha akipakia hatupi mzigo juu ya sitaha akaufunga kamba akaomba dua. Huanza chini. Chombo kisipokuwa na shehena hutiwa farumi, mawe au mchanga tumboni, ili kisipinduke. Uzito chini, uzito katikati, na pande mbili zilingane. Wazee wa Chwaka wote wanajua hayo, hata wasiokwenda baharini. Mimi niliyasahau kwa sababu chombo changu kina magurudumu.

Na nchi kavu je? Nikakumbuka mzega: mti begani, debe la maji ncha hii, debe la maji ncha ile. Jaribu kujaza debe moja na kuacha jengine nusu uone kama utafika. Kisha, karibu na adhana ya alfajiri, likanijia neno ambalo sikulitamka kwa miaka 50. Shogi.

Babu yangu alikuwa na punda. Alimchukulia nazi, na chokaa, na kuni. Juu ya mgongo wa punda, baada ya tandiko, lilitandazwa shogi: mkoba mrefu wa ukili, umefumbwa ncha zote mbili na kuachwa wazi katikati, hata ukilalishwa juu ya mnyama huning'inia pande mbili na kila upande ukawa kapu. Hakuna fundo wala mpira. Mzigo wa kushoto ndio unaoushika wa kulia, na wa kulia ndio unaoushika wa kushoto. Neno limo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939. Kiarabu wana khurj kwa kitu cha jamii hiyo hiyo. Na mjukuu wangu alinionesha kwenye simu wasafiri wa Ulaya wanaoizunguka dunia kwa pikipiki, wametundika masanduku ya bati la aluminiamu kulia na kushoto. Ni shogi lile lile, limepita kiwandani.

Kulipopambazuka nilikwenda kwa shangazi yangu. Ana umri wa miaka 80 na zaidi, na vidole vyake bado vinasuka ukili wakati macho yake yanakutazama wewe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho mekundu?"

Nikamwambia nataka shogi. Mikono ikasimama. Akaniuliza kama nimenunua punda. Nikamwambia ni la pikipiki. Hakucheka, na kwa hilo ninamshukuru.

"Punda wako huyo ana mapana gani?"

Hakutaka sentimita. Alinituma nikaipime kwa mkono: dhiraa moja na shubiri kutoka ubavu hadi ubavu kupita juu ya kiti, na kutoka kiti hadi pale gurudumu linapoanza, shubiri mbili kasoro. Akachagua miyaa badala ya ukindu, kwa kuwa ukindu ni wa mikeka ya kulalia watu na miyaa ndiyo ya makanda na majamvi, vitu vya kazi. Alisuka kwa wiki tatu. Wakati wa kuunga ukili nilikaa naye, nikajifunza kwamba chini ya kila mfuko aliurudufu mara mbili, na kwamba pale katikati, panapokaa juu ya mgongo, hapana mshono. "Mshono ukikaa juu ya mfupa," alisema, "humuua punda kwanza, kisha shogi." Nilitaka kumlipa. Akanitajia kilo tano za sukari, nikamletea kumi, akanirudishia tano.

Nisidanganye kwamba mambo yalinyooka. Wiki ya kwanza, nikiwa Mwera, nilisikia harufu ya jikoni. Ekzosi ya pikipiki iko upande wa kulia, na miyaa ni majani makavu. Mfuko wa kulia ulikuwa umeanza kuungua kwa utulivu kabisa, kama udi. Punda wa babu hakuwa na ekzosi. Nikaenda kwa kijana anayechomelea vyuma. Akaniambia, "Maalim, hii dawa yake ndogo," akatengeneza fremu mbili za nondo nyembamba, moja kila upande, zinazouweka mfuko mbali na spoki, mbali na cheni na mbali na moto, na upande wa kulia akaongeza kipande cha bati. Gharama ya fremu ilizidi sukari ya shangazi mara nyingi. Ndiyo hali ya mambo.

Huyo huyo kijana alinishauri ninunue sanduku la plastiki, lile linalofungwa nyuma kabisa kwa boliti, lenye kufuli. Nililijaribu la jirani kwa siku mbili, na nataka kulitendea haki. Mvua haiingii. Mwizi hupata kazi. Kwa mtu wa mjini mwenye kompyuta na koti, sina la kumwambia. Lakini sanduku hukaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, na juu, kwa hiyo ukilijaza vitabu gurudumu la mbele huwa jepesi. Usukani unakusikiliza kwa adabu lakini hautekelezi. Kwenye mchanga unaovuka barabara, hilo si jambo la kufanyia mzaha.

Baada ya fremu, likabaki suala la mizani. Nasema mizani kwa maana zote mbili, na wasomaji wa hapa watanivumilia. Shairi letu la kawaida lina mizani 16 katika mshororo, nane za ukwapi na nane za utao, na kina cha kati pale zinapogawika. Nilianza kulijaribu shogi kwa nazi: nazi nane kushoto, nazi nane kulia. Nikajipongeza. Nikapanda, na pikipiki ikavuta kushoto mpaka Jendele. Nazi si silabi. Kuna nazi kubwa na nazi koroma, na ukihesabu bila ya kupima umejidanganya kwa ufasaha. Wapo washairi wanaohesabu hivyo hivyo, kila mshororo 16 kamili, na bado shairi linavuta upande mmoja kwa sababu maneno mazito yote yako katika ukwapi na utao umejazwa "kwa hakika" na "nawambia". Nimewahi kuwa mmoja wao. Kwa hiyo nikaazima mizani ya kutundika kwa mchuuzi wa samaki dikoni, na tangu siku hiyo napima kila mfuko. Tafauti ya kilo moja naistahamilia. Kilo mbili nashuka napanga upya.

Na hapa nitasema kwa ufupi yale niliyoyapata, kwa faida ya yeyote mwenye pikipiki na vitabu. Kizito kikae chini na mbele, karibu na mapaja ya mpandaji. Kusiwe na ncha ya kamba inayoning'inia, kwani gurudumu huzitafuta. Gurudumu la nyuma liongezwe upepo kidogo siku ya mzigo mkubwa. Kitabu kinachokuja na pikipiki hutaja uzito wa juu kabisa, na watu husahau kwamba mpandaji yumo ndani ya hesabu hiyo. Mimi nina kilo 81, na ukweli huo umeninyima magunia kadhaa ya unga. Baada ya kilomita mbili au tatu za mwanzo, simama, gusa kila fundo. Na chochote usichoweza kukinunua tena, kiwe ndani, chini, katika kitu kisichopitisha maji. Mimi natumia ndoo ya rangi yenye mfuniko wa kubana, iliyooshwa. Inaingia katika mfuko wa kushoto kama kwamba shangazi aliipima.

Watoto wa hapa wananiita Maalim Punda, nikiwa mbali kidogo wanapodhani sisikii. Darajani napata tabu, kwa sababu shogi limepanua mapana ya chombo na vichochoro vya soko havikulitarajia. Askari mmoja wa barabarani alinisimamisha akaniuliza, "Hii nini?" Nikamwambia jina lake. Akaniomba nilirudie. Nikalirudia, nikamweleza na ukili, na miyaa, na punda wa babu, mpaka naye akaona bora aniruhusu niende.

Mwezi wa nane nilirudi kwa shemeji yangu. Nilikuwa na ndoo ile mkononi. Nikamwonesha pikipiki nje, nikamwonesha fremu, nikamfungulia mfuniko na kuufunga tena mbele ya macho yake. Nilihisi kama mwanafunzi anayesahihishiwa. Aliuvuta ukili wa shogi kwa nguvu, kwa mkono wa mtu anayejua kusuka. Akaingia ndani akatoka na buluu na kijani, bila ya khanga.

Nilikwenda nayo mjini siku hiyo hiyo. Yamechapwe yote, kurasa 212, na nakala tumezihifadhi mahali patatu. Madaftari yenyewe nilimrudishia mkononi, kavu.

Ndipo aliponambia nikae. Akasema lile jekundu alilisomewa zaidi ya lilivyoandikwa, tena mara nyingi, na kwamba akipata utulivu huenda akakumbuka. Tangu wakati huo nakwenda kwake Jumamosi baada ya alasiri. Yeye husoma kwa moyo huku akichambua mchele, nami naandika. Pengine ni ubeti mmoja kwa siku nzima, pengine hakuna. Mara mbili nilimshauri kwamba mshororo umepungua mizani, akaniangalia, na nilipohesabu upya kwa vidole nikaona ni mimi niliyekosea.

Shogi limeanza kufumuka kidogo upande wa kulia, pale lilipoungua. Shangazi anataka nilipeleke kabla ya vuli.

Mpaka sasa tumepata beti 23, pamoja na zile sita za mtaroni. Nyengine, shemeji anasema, anazikumbuka vizuri sana, lakini hizo si za kuandikwa.